Maswali na Majibu: Tangi la Mafuta Lililozikwa, Utalijuaje Lilipo?

Toleo hili tumekusanya barua zinazohusu jambo moja: matangi ya mafuta yaliyoachwa ardhini, na vipimo vya jiofizikia vinavyotumika kuyasaka bila kufukua kiwanja kizima.

Nimenunua kiwanja Tabata ambacho zamani kilikuwa sheli. Aliyeniuzia anasema matangi yalitolewa, ila hana karatasi yoyote. Nimeshauriwa nikodi mashine ya kuona chini ya ardhi. Nianzie wapi? — Msomaji, Dar es Salaam

Anza na macho yako, mashine ije baadaye. Tangi la mafuta halikai peke yake. Lina mdomo wa kujazia, lina bomba la kupumulia, lina mabomba ya kupeleka mafuta kwenye pampu. Wabomoaji wengi husahau bomba la kupumulia: ni bomba jembamba la chuma, la inchi 2 hivi, lililosimama ukutani au kando ya uzio, juu limepindwa au limevalishwa kofia. Hata likiwa limekatwa usawa wa ardhi, kisiki chake ni ushahidi. Tafuta pia kiraka cha zege cha mstatili kisichofanana rangi na zege la jirani, vifuniko vya chuma vya mviringo, na sehemu iliyobonyea. Shimo lililofukiwa bila kushindiliwa hutitia baada ya masika mawili matatu, na mtitio huo huwa na pembe nne. Kisha waulize walinzi wa zamani na mafundi gereji wa mtaani lori la mafuta lilikuwa likisimama wapi. Lori husimama karibu na mdomo wa kujazia, na mdomo huwa juu ya tangi au mita chache tu kutoka hapo.

Pili, jua unatafuta kitu cha ukubwa gani. Tangi la lita 23,000 lenye kipenyo cha mita 2.5 lina urefu wa mita 4.7 hivi, la lita 45,000 kwa kipenyo hicho hicho linafika mita 9. Juu yake kwa kawaida kuna udongo wa kati ya sentimita 60 na mita 1, kwa hiyo tumbo lake la chini liko mita 3 hadi 3.5. Kitu kikubwa kiasi hicho hakijifichi mbele ya mpimaji anayejua kazi. Akikikosa, ujue alichagua kifaa kisichofaa kwa ardhi ile, au hakupita palipotakiwa.

Kama kisiki cha bomba la kupumulia kipo, kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kifaa cha kufuatilia mabomba, kile kinachotumiwa na mafundi wa maji na wa simu. Kitumaji kinaingiza mawimbi ya kilohetsi 8 au 33 kwenye bomba, na mtu mwingine anatembea na kipokezi akifuata mlio mpaka bomba linapoishia. Linapoishia ndipo lilipo tangi. Sharti moja: mawimbi yaingizwe kwa pete inayozungushwa nje ya bomba. Waya wa kubana kwa koleo unaweza kutoa cheche, na ndani ya bomba hilo mvuke wa petroli huenda bado upo.

Kampuni tuliyoikodi ilipitisha rada kwenye kiwanja cha Embakasi ikasema hakuna tangi. Wiki mbili baadaye kijiko kikaligonga. Mashine ilikuwa mbovu? — Mkandarasi, Nairobi

Mashine huenda ilikuwa nzima kabisa. Lililowaangusha ni udongo.

Rada ya ardhini hutuma mawimbi ya redio na kusikiliza mwangwi wake. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, umejaa mfinyanzi na chumvichumvi zinazopitisha umeme, na mawimbi yanayeyukia humo kabla hayajafika mbali. Antena ya megahetsi 400, ambayo kwenye kichanga kikavu cha pwani huona mita 3 bila taabu, kwenye udongo huo ukiwa na unyevu inaweza kuishia nusu mita. Kushuka hadi megahetsi 250 au 100 husaidia kidogo tu, kwa sababu kinachoua mawimbi ni upitishaji umeme wa udongo wenyewe, na hapo umeshapoteza uwezo wa kuona vitu vidogo. Wala usidanganywe na kiangazi: juu panakauka na kupasuka, lakini kwenye kina cha mita moja bado kuna unyevu.

Kosa la kampuni lilikuwa kwenye maneno. "Rada haikuona" na "hakuna tangi" ni sentensi mbili tofauti. Ripoti ya mtu makini ingesema: kwenye kiwanja hiki rada imefika sentimita 60, chini ya hapo hatujapima. Siku nyingine mkikodi, dai kina halisi kilichofikiwa kiandikwe, kikiwa kimethibitishwa kwa kupita juu ya bomba au kalvati inayojulikana ilipo.

Kwenye udongo kama wenu, tangi la chuma litafutwe kwa vifaa vya mkondo wa sumaku-umeme. Kinachotumika sana ni EM61 ya kampuni ya Geonics, yenye koili ya mita 1 kwa nusu mita inayovutwa kwa magurudumu au kubebwa begani. Koili inapigwa mkondo wa umeme, mkondo unakatwa ghafla, na kifaa kinasikiliza kitakachobaki. Udongo, hata wa mfinyanzi, husahau mara moja. Chuma huendelea kuzungusha mikondo ndani yake, ndiyo maana kifaa husoma baada ya mikrosekunde 216, 366, 660 na 1,266, udongo ukiwa umekwisha kunyamaza. Tangi hujitokeza kama kilele kimoja kinene juu yake lenyewe. Uzuri mwingine ni kwamba unaweza kukaribia uzio wa mabati hadi mita 2 na bado ukapata kitu cha maana, umbali ambao kipima-sumaku (magnetometa) hakiwezi.

Kama bajeti ni ndogo au mnashuku tangi si la chuma, pimeni ukinzani wa umeme wa ardhi, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme kupita. Vijiti vinne vya chuma vinapigiliwa kwenye mstari mmoja kwa nafasi sawa. Viwili vya nje vinapeleka mkondo, viwili vya ndani vinapima volti. Kina kinachosomwa ni takriban nusu ya nafasi kati ya kijiti na kijiti, kwa hiyo katikati ya tangi, mita 2 chini, panahitaji nafasi ya mita 4. Ukinzani wa ardhi ni mara mbili ya pai, mara nafasi, mara omu zilizosomwa: ukipata omu 0.4 kwa nafasi ya mita 4, jibu ni kama omu-mita 10, na huo ni mfinyanzi. Mnachotafuta ni mahali namba inaporuka juu ghafla. Mashimo ya matangi hujazwa mchanga au kifusi, navyo havipitishi umeme kama mfinyanzi. Mtapata shimo hata kama hamtaliona tangi lenyewe. Na msishangae tangi la chuma lililopakwa lami likisomeka kama kitu kisichopitisha umeme. Lami hulivika koti.

Tulipima kwa magnetometa karibu na Arusha. Ramani imejaa madoa mekundu na ya buluu kila mahali. Tangi ni lipi? — Msomaji, Arusha

Mmepima mawe. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro ina madini ya chuma yaliyoshika sumaku lava ilipopoa, na kila jiwe la basalti lililozikwa linapiga kelele yake. Upana ndio wa kutazamwa. Jiwe huleta doa la mita 1 au 2, la makumi ya nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku), pengine mia chache. Tangi la sheli huleta mvurugiko wenye upana wa mita 5 hadi 10, wa mamia mengi hadi maelfu ya nanotesla, juu ya uga wa sumaku wa dunia ambao kwetu ni kama nanotesla 33,000 hivi. Chagueni madoa mapana matatu au manne, kisha pitisheni EM61 juu yake. Chenye sumaku bila mwitikio wa chuma ni jiwe, kiacheni.

Kuna mtego mwingine unaowapata wengi waliosomea vitabu vya Ulaya. Huko mistari ya sumaku ya dunia huzama ardhini kwa mwinamo mkali, na kilele cha mvurugiko huangukia karibu juu ya kitu, kikisogea kidogo kusini, na bonde dogo, yaani namba za chini, kaskazini. Kwetu mistari hiyo hutoka ardhini ikipanda kidogo kuelekea kaskazini. Matokeo yake kilele huwa kaskazini ya tangi, bonde kubwa kusini yake, na tangi liko kati ya hayo mawili, mara nyingi likiegemea kwenye bonde. Ukichimba juu ya kilele utatoa udongo mtupu, uondoke ukimlaumu mpimaji. Hata kanuni hii hupindishwa na sumaku ambayo tangi lilipata kiwandani lilipokuwa likichomelewa, kwa hiyo chukueni eneo lote kati ya kilele na bonde kuwa eneo la kuchunguzwa.

Na kabla ya kuamini ramani yoyote, ulizeni aliyebeba kifaa alivaa nini. Mkanda wenye kifungo cha chuma, funguo, simu na viatu vya usalama vyenye chuma kwenye vidole vinatosha kuchora tangi ambalo halipo.

Mistari ya kupimia iwe umbali gani, na kazi yenyewe inapangwaje hatua kwa hatua? — Mwanafunzi wa upimaji, Mombasa

Umbali kati ya mistari usizidi nusu ya upana mwembamba wa unachokitafuta. Tangi la sheli lenye kipenyo cha mita 2 au zaidi: mita 1. Tangi dogo la nyumbani au la jenereta, la mita 1.2: nusu mita. Mpimaji anayeweka mita 3 ili amalize mapema atalipita tangi katikati ya mistari miwili bila hata kujua.

Tandaza tepu mbili kwenye pande mbili zinazotazamana na uchague pembe moja kuwa sifuri. Vigingi viwe vya mti au plastiki. Hili linaonekana dogo, lakini viwanja kadha wa kadha vimepimwa vikiwa na misumari ya inchi 6 na vipande vya nondo kila kona, halafu watu wanakaa kujadili safu nzuri ya mivurugiko iliyopangika kwa mita 10. Ondoa magari mpaka umbali wa mita 15. Chora mchoro wa kila kitu cha chuma kinachoonekana: nguzo, mfuniko wa chemba, mwamba wa geti, waya wa umeme. Bila mchoro huo ramani haisomeki.

Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, mistari 21 ya mita 30 na mingine 31 ya mita 20 ikikatiza inakupa mita 1,250 za kutembea. Mwelekeo mmoja tu hautoshi: mistari inayokwenda sambamba na bomba inaweza isilione kabisa. Rudi kwenye nukta ile ile ya kuanzia kila saa usome tena. Uga wa dunia hubadilika makumi ya nanotesla kwa siku, na hilo kwa tangi halina uzito. Lakini kama namba imeruka mia tatu, kuna lori limeegeshwa nyuma ya ukuta au betri inakufa.

Ukienda na kurudi, ukishuka mstari mmoja na kupanda unaofuata, tazama kingo za mivurugiko kwenye ramani. Zikionekana kama meno ya msumeno, kifaa kinachelewa kuandika, na kila mstari umesukumwa mbele kulingana na upande uliokuwa ukitembea. Sogeza kila mstari kinyume cha upande uliokuwa ukitembea, kwa ucheleweshaji huo, mpaka meno yalingane. Ukiacha hivyo, tangi linaweza kuonekana nusu mita hadi mita kutoka lilipo.

Kwenu Mombasa ongeza jambo moja. Kichanga na matumbawe makavu ni ardhi tamu kwa rada. Karibu na ufuo, mahali maji ya chumvi yalipo kwenye kina cha mita 1 au 2, rada inakoma papo hapo yanapoanzia.

Picha ya rada inasomwaje, na kina kinapigiwaje hesabu? Je, tangi la fibaglasi linaonekana? — Msomaji, Dodoma

Ukilikatiza tangi kwa upana, mwangwi wake unachora upinde kama mwavuli uliofunguliwa: juu pana, mabega yakishuka pande zote mbili. Ukipita juu yake kwa urefu, unaona mstari bapa wa mita kadhaa unaokatika ghafla kila mwisho. Bomba pia huchora upinde, lakini mwembamba, na upinde huo unajirudia mstari baada ya mstari kukivuka kiwanja. Chuma kinarudisha mawimbi yote, kwa hiyo chini ya mwangwi wa kwanza utaona nakala zake zikififia.

Kina ni nusu ya muda wa kwenda na kurudi, mara kasi ya mawimbi. Tuseme mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 18. Kwa kasi ya mita 0.11 kwa nanosekunde, kina ni 9 × 0.11, karibu mita 1. Mchanga ule ule ukilowa mvua, kasi inaweza kushuka hadi 0.06, na mwangwi wa nanosekunde 18 sasa unamaanisha sentimita 54. Anayekupa kina bila kusema alitumia kasi gani amekukisia. Kasi ipimwe kwa umbo la upinde wenyewe, au kwa bomba ambalo kina chake kinajulikana.

Fibaglasi haina sumaku wala haipitishi umeme, kwa hiyo vipimo vya chuma vitaona tu mikanda ya kulifungia na viungio, kama vipo. Rada inaliona, na tena inapenya ndani, na hapo pana utamu wake: sakafu ya tangi nayo inarudisha mwangwi, na muda kati ya dari na sakafu unakwambia kilichomo. Kwa kipenyo cha mita 2.4, likiwa tupu ni nanosekunde 16, kwa kuwa hewani mawimbi hukimbia mita 0.3 kwa nanosekunde. Likijaa petroli ni kama 23. Likijaa maji ni karibu 145, sakafu ionekane kama imezama kisimani.

Uwanja wetu wote umemwagwa zege lenye wavu wa BRC. Tufanyeje? — Msomaji, Morogoro

Magnetometa na EM61 zisahauni, zitapima wavu. Rada ya megahetsi 400 hupenya kiasi kwenye matundu ya sentimita 20, ingawa picha inakuwa na vivuli, na zege jipya lenye maji linaimeza. Subirini zege likauke miezi kadhaa, pitisheni antena mara mbili, mara ya pili ikiwa imegeuzwa robo duara, na mtazame palipo na tofauti. Pakibaki na shaka, tobo chache za kuchoronga kwenye zege ni bei nafuu kuliko siku ya tatu ya rada.

Tunanunua nyumba New Jersey. Mkaguzi anasema tufanyie msako wa tangi kabla ya kusaini. Ni lazima? — Msomaji, Marekani

Fanyeni. Nyumba nyingi za kaskazini-mashariki mwa Marekani zilipashwa joto kwa mafuta, zikahamia kwenye gesi, na tangi likaachwa uani. Kanuni za shirikisho za matangi, zilizotokana na sheria ya 1984 na kutolewa mwaka 1988, zilizowapa wenye vituo hadi tarehe 22 Desemba 1998 kuyaboresha, hazikuyagusa matangi ya mafuta ya kupashia nyumba joto. Hayo yako mikononi mwa majimbo, na mzigo unaweza kumwangukia mwenye nyumba wa sasa.

Tazameni ukuta wa chumba cha chini: vijibomba viwili vya shaba vilivyokatwa ni dalili kubwa. Tangi la galoni 550, yaani lita 2,080 hivi, lina kipenyo cha mita 1.2 na urefu wa mita 1.8. Mara nyingi limelala sambamba na nyumba, hatua mbili tatu tu kutoka ukutani, pale pale penye mita ya gesi, kiyoyozi na mifereji ya bati inayovuruga vipimo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mpimaji ni hili: wapi hukuweza kupima? Chini ya veranda ya mbao? Chini ya njia ya gari yenye nondo? Aandike na achore. Na kama amekuja na kigunduzi cha mkononi peke yake, bila rada wala kifaa cha koili kubwa, tafuteni mwingine.

Vipimo hivi vinaonyesha kama tangi limevuja? — Msomaji, Tanga

Kwa uhakika, hapana. Mafuta mabichi huongeza ukinzani wa udongo, lakini yakikaa miaka, bakteria wanaoyala hutoa tindikali zinazoyeyusha madini, na ukinzani unashuka. Uvujaji ule ule unaweza kutoa picha mbili zinazopingana. Tumia vipimo kujua mahali pa kutoboa, kisha peleka udongo maabara.

Ripoti inasema kuna kitu kwenye mstari wa 12, mita ya 8. Tulete kijiko? — Msomaji, Kahama

Kijiko kisubiri. Chimbeni kwa chepe shimo la majaribio pembeni ya alama, nusu mita nje ya ukingo unaokadiriwa, mkisogea taratibu hadi mwone ubavu uliopinda. Mtaimbo msiutumie, maana kutu ya miaka mingi hutobolewa kwa pigo moja. Pimeni gesi kabla na wakati wa kuchimba. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa hutuama shimoni. Ukifika sehemu moja ya kumi ya kiwango cha chini, yaani asilimia 0.14, watu watoke. Tangi tupu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Simu na sigara vikae getini.

Mkishaliona, simamisheni kazi, taarifuni wasimamizi wa mazingira, NEMC (wasomaji wa Kenya, NEMA), na mtafute mkandarasi mwenye uzoefu wa kutoa gesi na masalia kabla ya kukata. Siku hiyo hiyo pimeni umbali wa kila ncha ya tangi kutoka kona mbili za jengo zisizohama na mziandike kwenye ramani ya kiwanja, kwani vigingi vya mti havikawii kuishia jikoni.